TAA YA SAMAKI SI DISKO, WALA SI TAA YA KULALIA MTOTO

1/10

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata salamu: leo nimekuja na ugomvi, na ninayegombana naye ni taa.

Naongelea taa za akwariamu, yale matangi ya kioo ya samaki ambayo mtoto akiona video moja tu anayalilia wiki nzima. Mnaniuliza sana: "Nesi, tumeweka tangi sebuleni, tumepanda na majani ya kweli ndani, tuweke taa gani?" Swali zuri. Shida ni majibu mnayopewa huko nje. La kwanza: "Chukua kali kabisa, mimea inapenda mwanga." La pili: "Chukua hii, ina rangi kumi na sita na rimoti, mtoto atafurahi."

Yote mawili ni mabaya. La kwanza litakuoteshea uozo wa kijani tangi zima. La pili linaweza kumleta mtoto wako kwetu akiwa hawezi kumeza mate. Ndiyo maana muuguzi anaongelea taa ya samaki. Kaeni, uzi ni mrefu.

2/10: Mafiga matatu

Anza na mmea, maana ndiye mwenye taa. Samaki hahitaji taa ya kuoteshea chochote, mwanga wa kawaida wa chumba unamtosha kujua mchana na usiku. Taa unainunua kwa ajili ya majani.

Mmea wa majini unapika chakula chake kama wa shambani, kwa usanisinuru. Chungu chake kinakaa kwenye mafiga matatu: mwanga, hewa ukaa iliyoyeyuka kwenye maji, na virutubisho. Nyanyua figa moja mawili yabaki chini, chungu kinamwagika. Ndivyo inavyokuwa ukinunua taa kali. Mwanga unakuwa mwingi, lakini hewa ukaa kwenye tangi la nyumbani ni kidogo, na mbolea hujaweka. Mmea unashindwa kuutumia ule mwanga wote. Nani anautumia? Mwani. Zile nyuzi za kijani, ule utelezi kwenye kioo, maji kugeuka kama supu ya mchicha.

Halafu ndiyo unaambiwa nunua dawa ya kuua mwani. Unamwaga dawa, samaki wanahema juujuu, mtoto analia. Tatizo lilikuwa taa tangu mwanzo, na taa bado inawaka!

Kwa hiyo "kali ndiyo bora" ni uongo. Bora ni ile inayolingana na mimea uliyopanda.

3/10: Soma boksi, usisome rangi

Kwenye boksi la taa kuna namba. Nyingi tunazipita tunaangalia picha. Ziangalie hivi.

Wati (W) ni umeme taa inaokula, si mwanga inaotoa. Zamani za taa za mirija watu walipimia tangi kwa wati. Kwa LED hesabu hiyo imekufa, kwa sababu LED inatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo.

Lumeni (lm) ndiyo mwanga wenyewe. Kwa mimea isiyo na makuu, kadirio linalotumika sana ni lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54. Zidisha: unahitaji kama lumeni 540 hadi 1,080. Basi! Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, ile ya sebuleni kwako, inatoa kama lumeni 800. Sasa niambie, taa ya wati 50 kwenye kitangi hicho inamulika nini, uwanja wa mpira?

K ni rangi ya mwanga. 3000K ni ya manjano kama jioni. 6500K ni nyeupe ya mchana. Mimea inakua vizuri kwenye 5000K mpaka 7000K, na kwa jicho lako majani yanaonekana ya kijani cha kweli. Zile za bluu kali za 10,000K kwenda juu zinatengenezwa kwa matangi ya maji chumvi yenye matumbawe. Wewe huna matumbawe. Una vijani vitano na samaki saba. Ya nini?

4/10: Rangi kumi na sita ni za nani?

Nisieleweke vibaya. Zipo taa zenye vijitaa vyekundu, kijani na bluu kwa pamoja ambazo zimetengenezwa kwa mimea, na zinafanya kazi vizuri. Sizigombi hizo. Nagomba na ule utepe wa disko, unaobadilika zambarau, unapepesa, unakimbiza rangi huku na huku, halafu unauzwa kwa jina la "taa ya akwariamu".

Mmea hautazami shoo. Unahitaji mwanga uliotulia, saa zilezile, kila siku. Samaki naye wengi wao hawana kope za kufumba. Ukimpepesea taa, hana pa kukimbilia isipokuwa nyuma ya jiwe. Halafu unasema "samaki wangu waoga, hawatoki". Wewe ungetoka?

Na kama hutaki taa kubwa, chagua mimea inayovumilia. Anubias ni mmea wa Afrika, kwao ni Magharibi na Kati, unaota kivulini kandokando ya mito. Unaufunga kwenye jiwe au gogo, usiufukie shina. Java fern nao hivyohivyo. Cryptocoryne unapanda kwenye mchanga na unavumilia mwanga mdogo. Hiyo mitatu ikipata taa ya wastani inaishi miaka. Unaponunua mimea myekundu kwa sababu picha ni nzuri, ndipo unapojiingiza kwenye taa kali, mitungi ya gesi na gharama ambazo hukuzipangia.

5/10: Saa ngapi?

Hapa ndipo wengi tunapoharibu hata tukiwa na taa nzuri. "Nesi, mimi nawasha asubuhi nazima nikienda kulala." Hizo ni saa kumi na sita!

Tangi jipya lianze na saa 6 kwa siku. Mimea ikishika, panda mpaka 8. Ukivuka 10 unamlisha mwani. Utaniambia, "Mbona huku kwetu karibu na ikweta jua linawaka saa 12?" Kweli, lakini asubuhi na jioni jua limelala, mawingu yanapita, miti inaweka kivuli. Taa yako haina mawingu. Inapiga kwa nguvu ileile kuanzia dakika ya kwanza.

Nunua taima, ile ya kuchomeka kwenye soketi yenye kiduara cha saa 24. Ipange iwake, kwa mfano, saa 6 mchana na izime saa 2 usiku, kama unataka familia ilifurahie tangi jioni baada ya shule. Hizo ni saa 8. Ukisahau, yenyewe haisahau.

Na LUKU je? Piga hesabu. Taa ya wati 9 kwa saa 8 kila siku ni kama uniti 2 kwa mwezi. Taa ya wati 30 iliyoachwa usiku na mchana ni kama uniti 21 na nusu. Uniti kumi na tisa na ushee zimekwenda kuotesha mwani!

Umeme ukikatika siku moja au mbili, usihangaike na taa. Mmea unavumilia. Hangaika na hewa ya samaki.

Na usilipeleke tangi dirishani ili "lipate jua la bure". Jua letu litayachemsha maji na kuyageuza kijani kabla mwezi haujaisha.

6/10: Sasa tuingie chumbani

Hapa ndipo ugomvi wangu unapokuwa wa kweli.

Kuna mtindo wa kuweka tangi chumba cha watoto na kuiacha taa usiku kucha, ati "mtoto anaogopa giza, samaki wanambembeleza". Mama, sikiliza. Ubongo wa mtoto unatengeneza homoni ya usingizi inayoitwa melatonini. Mwanga wa jioni unaikandamiza, na mwanga mweupe wenye bluu nyingi ndio unaoikandamiza zaidi. Watoto wadogo wanaathirika kuliko sisi watu wazima. Na taa ya mimea ni hiyohiyo: nyeupe, yenye bluu, iliyotengenezwa kuiga mchana. Unamwekea mtoto mchana pembeni ya kitanda saa sita usiku, halafu unaniuliza kwa nini anaamka na kiburi.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa siku, ukijumlisha wa mchana. Wa miaka 3 hadi 4, saa 10 mpaka 13. Hizo saa zinapatikana gizani.

Tangi likae sebuleni. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, na wengi ndivyo tunavyoishi, hakuna aibu: taa izime angalau saa moja kabla mtoto hajalala. Samaki nao wapate usiku wao. Mtoto anayeogopa giza awekewe kataa kadogo ka manjano, mbali na macho yake.

7/10: Rimoti

Soma hii hata kama nyingine zote umeziruka.

Zile rimoti nyembamba kama kadi zinazokuja na taa za rangi zina betri ndogo ya duara, inang'aa kama sarafu. Mara nyingi imeandikwa CR2025. Namba 20 maana yake ni upana wa milimita 20. Upana huo unatosha kabisa kukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo.

Betri hiyo ikikwama haisubiri kupasuka ndipo iunguze. Ikigusa unyevunyevu wa koo, umeme unapita na kutengeneza kemikali kali pale ilipogusa. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuunguza vibaya. Inaweza kutoboa koo. Na mtoto anaweza asiseme, maana hajui kusema, au akaonyesha dalili ambazo unazidhani mafua: udenda mwingi, kukohoa, kukataa chakula, kutapika, kushika kifua.

Ukihisi tu kwamba amemeza: usimtapishe, usimpe chakula wala kinywaji, usisubiri aitoe chooni. Kimbia hospitali yenye eksirei na sema neno "betri" mlangoni. Usiseme "kitu". Sema BETRI. Ikiwa ipo nyingine ya aina hiyo, ibebe. Iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura hiyohiyo.

Sasa nakuuliza: rangi kumi na sita zinastahili hilo? Nunua taa yenye swichi. Kama tayari unayo ya rimoti, hakikisha mfuniko wa betri una skrubu. Kama hauna, toa betri, izungushie selotepu pande zote mbili, itupe mbali na mikono ya mtoto.

8/10: "Ya UV inaua vijidudu"

Maji yakiwa ya kijani utaambiwa ununue taa ya UV. Elewa kitu unachouziwa. UV-C inayoua vijidudu haioteshi mmea hata mmoja. Inafanya kazi ikiwa imefungiwa kwenye kopo lake na maji yanapita ndani, mtu haioni. Ikiwa ni mrija mtupu unaowaka wazi tangini, mbele ya watoto, hiyo ni hatari. Inaunguza ngozi na uso wa jicho. Na maumivu hayaji palepale. Yanakuja saa kadhaa baadaye: macho mekundu, machozi, kama yametiwa mchanga, hayavumilii mwanga. Ikitokea, mtoto asifikiche, na tafadhali usimkamulie maziwa machoni. Mlete.

Na la pili, kwa wenye vichanga. Mmeona wodini tunawaweka watoto wenye manjano chini ya mwanga wa bluu. Mtu asije akakushawishi kwamba taa ya bluu ya samaki ni kitu kilekile. Mwanga wa wodini ni wa kipimo maalum, kama nanomita 460 hadi 490, una nguvu inayopimwa, mtoto anavuliwa nguo, anafunikwa macho, na damu yake inaangaliwa. Bilirubini ikipanda sana inaharibu ubongo, na hauponi tena. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura siku zote. Hakuna taa ya dukani ya kutibia mtoto nyumbani.

9/10: Maji na umeme havijawahi kupatana

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Taa ya 230 iliyoning'inia juu ya maji, na chini yake mtoto anayevuta kila waya anaouona, ni msiba unaosubiri siku. Nimesema balbu ya kawaida inaotesha mimea, na ni kweli. Lakini iwe imefungwa imara ukutani au kwenye rafu, juu ya mfuniko wa kioo, mtoto haifikii. Kama una mtoto anayetambaa au anayepanda viti, chukua taa ya LED ya volti 12 yenye adapta, na adapta ikae mbali na maji.

Mengine:

Waya ushuke chini kuliko soketi kwanza, ndipo upande kuingia. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondoka pale chini, hayataingia kwenye soketi.

Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi.

Mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie kama nyumba ina kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Hicho ndicho kinachookoa mtu.

Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono majini. Chomoa, siyo kuzima swichi tu.

Mtu akinaswa, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa, msukume na mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Hata akisimama na kucheka, mpeleke hospitali, umeme unavuruga mapigo ya moyo.

Na tangi lenyewe: lita 54 ni kilo 54 za maji, bado kioo na mchanga. Meza ya vikombe haiwezi.

10/10: Najua mtakachosema

"Nesi, wewe unajua nini kuhusu samaki?" Najua kuhusu watoto, na tangi umemnunulia mtoto. Habari za lumeni ziko kwenye boksi, kila mtu anaweza kuzisoma.

"Haya ni mambo ya wenye hela." Hapana. Angalia upya: nimekwambia ununue taa ndogo, uiwashe saa chache, upande mimea ya kivulini, uache rimoti dukani. Kila ushauri wangu unapunguza gharama. Anayekupandishia bei ni yule wa rangi kumi na sita.

"Basi tusifuge kabisa." Sijasema hivyo, na wala sitaki. Mtoto anayehesabu samaki asubuhi, anayejifunza kwamba kiumbe kinakula kidogo na kinahitaji kupumzika, anapata kitu ambacho simu haimpi. Fugeni. Ila taa ichaguliwe na mtu mzima.

Kwa hiyo ukiingia dukani, uliza haya kwa mpangilio huu:

1. Lumeni ngapi? (Lita zako mara 10 mpaka 20.)
2. K ngapi? (Karibu na 6500.)
3. Volti ngapi? (Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, 12.)
4. Inavumilia maji kiasi gani? Tafuta IP67 au zaidi. IP20 haina kinga ya maji, usiilete juu ya tangi.
5. Ina betri ya duara popote? Kama ipo, mfuniko una skrubu?
6. Taima ipo?

Muuzaji asiyejua majibu, na boksi halijaandika, rudisha hela mfukoni uondoke. Usione haya. Hela ni yako na mtoto ni wako.

Mtumie mama mwenzako ambaye mwanawe anamlilia samaki. Na usiku huu, kabla hujalala, nenda kazime hiyo taa.